Nyar Seme na Kinyago cha Nyota: Mjadala wa Waigizaji wa Kike Wanaocheza Viumbe wa Sayari za Mbali

Machi 2014, Lupita Nyong'o aliposhinda Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa kuigiza Patsey katika 12 Years a Slave, Kisumu haikungoja kuulizwa huyo ni mtoto wa nani. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983 wakati baba yake akifundisha chuo kikuu huko, akalelewa Nairobi, akasomea uigizaji Yale. Lakini kwa Mjaluo, kwenu ni kwa baba yako, na kwao Profesa Peter Anyang' Nyong'o, gavana wa Kaunti ya Kisumu tangu 2017, ni Ratta, Seme. Basi Lupita ni nyar Seme, binti wa Seme, na hakuna rufaa.

Desemba 2015 ikatoka Star Wars: The Force Awakens, na jina lake limo. Wengi waliitazama toka mwanzo hadi majina yanapopanda wasiione sura yake hata mara moja. Alikuwa Maz Kanata, bibi mfupi wa sayari ya Takodana, ngozi ya rangi ya chungwa, miwani mikubwa usoni, umri zaidi ya miaka 1,000. Kila kilichoonekana kilichorwa na kompyuta juu ya uigizaji wake.

Tangu hapo kuna ubishi: mwigizaji mweusi anapopewa nafasi ya kiumbe wa sayari nyingine, ameheshimiwa au amefichwa? Nimeugawa ubishi huo kwa sauti nne. Wasemaji nimewabuni; filamu, watu na miaka wanayoitaja ni ya kweli. Mwalimu anafundisha drama katika sekondari ya wasichana huko Seme. Mwenye Banda anaonyesha filamu katika banda lake mtaani Kondele, Kisumu. Mwanafunzi anasomea mawasiliano Chuo Kikuu cha Maseno. Mama Dunga anauza samaki ufukoni Dunga, na hadithi za Ziwa Victoria anazijua kuliko sisi sote. Mwendeshaji anaongoza mjadala.

MWENDESHAJI: Mwalimu, wewe ndiye mlalamikaji. Anza.

MWALIMU: Nalalamika kwa ushahidi. Mwaka 2014 binti anapewa tuzo kubwa, na magazeti ya dunia nzima yanaandika juu ya uso wake, weusi wake, nywele zake fupi. Mwaka 2015 anakuwa Maz, uso wa kompyuta. Mwaka 2016 anakuwa Raksha katika The Jungle Book, mbwa mwitu, sauti tupu. Yaani Hollywood ilimtaka Lupita kila kitu, isipokuwa kile kitu chenyewe walichokisifia. Wasichana wangu wengi ni weusi kama yeye, na kila wiki kuna anayeambiwa anunue krimu. Niliwaambia, "Nendeni mkamwone mwenzenu katika filamu kubwa kuliko zote." Wakarudi wananiuliza, "Mwalimu, alikuwa wapi?"

MWENYE BANDA: Mwalimu, kwa heshima zote, umeruka filamu. Mwaka huo huo wa 2016 kulikuwa na Queen of Katwe. Pale ni mama yake Phiona Mutesi, mcheza chesi wa Kampala, na uso wote upo, jasho na leso kichwani. Wamama walilia kwangu pale.

MWANAFUNZI: Na 2016 hiyo hiyo alikuwa Broadway, New York, katika Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake wa Liberia vitani. Akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Aliyefichwa hasimami jukwaani mbele ya watu kila usiku.

MWALIMU: Katwe naikubali, na nimewaonyesha wasichana wangu mara nyingi. Lakini pigeni hesabu. The Force Awakens iliingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani. Katwe haikufika hata karibu. Pale ambapo dunia nzima ilikuwa imekaa inatazama, ndipo uso haukuwepo. Pale walipokuwa wachache, uso ukaruhusiwa.

MWANAFUNZI: Ila yeye mwenyewe alishalijibu, Mwalimu. Aliwaambia waandishi wakati ule kwamba 12 Years a Slave ilihusu sana mwili wake, na alitaka kazi ambayo mwili wake haujadiliwi. Kumbuka Patsey alipitia nini: amefungwa kwenye nguzo, anachapwa viboko, kamera haiondoki. Baada ya hapo mtu akisema, "Naomba miaka miwili watu wasiutazame mwili wangu," ni nani wa kumkatalia? Hiyo ni hiari yake.

MWALIMU: Hiari, mwanangu? Ukimwonyesha mtu milango miwili, mmoja wa kiboko na mwingine wa kinyago, usije ukanisifia uhuru wake wa kuchagua. Simlaumu yeye. Nalaumu nyumba yenye milango miwili tu.

MWENDESHAJI: Hilo tutalirudia. Lakini kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Mwanafunzi, tueleze: Maz Kanata ni nani aliyemwigiza, Lupita au kompyuta?

MWANAFUNZI: Lupita. Mwigizaji anavaa nguo ya kubana yenye alama, anatiwa madoa usoni, na kichwani anavishwa kofia yenye kamera ndogo inayomtazama usoni. Kila nukta inaposogea, kompyuta inaandika. Baadaye mafundi wanachora kiumbe, lakini mshtuko wa jicho, pumzi kabla ya neno, kuinamisha kichwa, vyote vinatoka kwa mtu. Mtaalamu wa kazi hiyo, Andy Serkis, yule aliyekuwa Gollum katika The Lord of the Rings, alikuwa katika filamu hiyo hiyo akamshauri asiiogope: kiumbe ni mhusika kama mhusika mwingine yeyote. Kisha tazama onyesho moja tu. Maz amekaa mezani na Finn, askari aliyetoroka jeshi. Anazungusha vioo vya miwani yake, macho yanakua makubwa. Halafu anapanda juu ya meza, anatembea kati ya vyombo mpaka pua yake inakaribia ya Finn, anamwambia wazi kwamba anayaona macho ya mtu anayetaka kukimbia. Kompyuta haijui kumkaribia mtu namna hiyo. Huo ni ujuzi wa jukwaani.

MWENYE BANDA: Ni kweli kabisa. Watu wa banda hawana digrii lakini wanajua. Kiumbe mbaya wa kuchora akija, wanaanza kucheza na simu. Akija mwenye roho ndani yake, kimya. Mimi sioni ubaya wa kinyago. Mtu wa Kondele ametoka kazini, amelipa shilingi zake, anataka kusafiri. Hataki kukumbushwa mjadala wa ngozi.

MWALIMU: Ndugu yangu, wewe filamu zako nyingi unazionyesha kwa sauti ya nani?

MWENYE BANDA: Zile za mapigano, za DJ Afro. Ndizo zinazouza.

MWALIMU: Wasomaji wa mbali waelezwe: DJ Afro huisimulia filamu nzima kwa Kiswahili cha mtaani, wahusika wote kwa sauti yake mwenyewe, na mizaha juu yake. Ni fundi, simkatai. Lakini hapo mwanamke wa sayari ya mbali anazungumza kwa sauti ya mwanamume wa Kenya. Kwa hivyo Hollywood wamechukua uso wa Lupita, na banda likimpata linachukua sauti. Amebakiza nini?

MWENYE BANDA: Amebakiza hadithi, Mwalimu! Watu wangu wengi Kiingereza cha haraka haraka hakiwaingii. Bila msimulizi wangeona taa zinawaka na kuzimika. Na msimulizi akimpenda mhusika, anampa maneno matamu kuliko ya mwanzo. Nimeona mwanamke aliyekuwa na sentensi mbili katika filamu akatoka na ishirini.

MAMA DUNGA: Hapo nacheka, lakini nawasikiliza. Nyinyi wote mnabishana juu ya uso. Mimi nina swali la sokoni. Huyo bibi wa nyota, kazi yake ni ipi?

MWANAFUNZI: Maz? Ana ngome ya kale, Mama. Wasafiri wa kila sayari wanapita hapo, wanakula, wanakunywa, wanapata pa kulala. Vita vya nje haviruhusiwi kuingia ndani.

MAMA DUNGA: Kwa hivyo ana hoteli na baa.

MWANAFUNZI: Kwa kifupi, ndiyo.

MAMA DUNGA: Na kabla yake, katika hizo filamu na runinga za nyota, kuna mwanamke mweusi mwingine aliyecheza kiumbe?

MWANAFUNZI: Wapo. Mashuhuri zaidi ni Whoopi Goldberg. Na hii hadithi ni nzuri, Mama. Mwaka 1966 Nichelle Nichols alikuwa afisa wa mawasiliano katika Star Trek, binadamu, si kiumbe, jina Uhura. Whoopi alikuwa mtoto, akamwona, akafurahi kwamba mwanamke mweusi yumo kwenye runinga na si mjakazi. Alipokua na kuwa nyota wa filamu, akawaendea mwenyewe watengenezaji wa Star Trek: The Next Generation akaomba nafasi. Tangu 1988 akawa Guinan, kiumbe wa watu wa El-Auria, umri mamia ya miaka. Sasa Whoopi ndiye aliyekuwa Celie katika The Color Purple ya 1985, na Lupita amesema filamu hiyo ndiyo iliyomfanya aamini kwamba hata yeye anaweza kuwa mwigizaji. Kwa hivyo ni mnyororo: Nichols, Goldberg, Nyong'o.

MAMA DUNGA: Mnyororo mzuri. Na huyo Guinan ndani ya hicho chombo cha angani, anafanya kazi gani?

MWANAFUNZI: Anaendesha... anaendesha baa.

MAMA DUNGA: Eeh.

MWENYE BANDA: Omera, umeshikwa.

MAMA DUNGA: Wawili, na wote wana baa. Na katika baa wanafanya nini?

MWANAFUNZI: Wanasikiliza. Wanatoa ushauri. Guinan anamshauri nahodha Picard. Maz anamshauri Rey, yule msichana shujaa, anamwambia aliowangoja hawatarudi, na kwamba anachokitafuta kiko mbele.

MAMA DUNGA: Basi mmetafuta mwizi mlango wa mbele, naye amepitia jikoni. Shida si ngozi ya chungwa wala ya samawati. Shida ni kwamba mwanamke mwenye miaka elfu moja hana shida yake mwenyewe. Hana deni, hana mtoto mkaidi, hana adui. Yupo kuwapa wengine busara na kinywaji. Mimi nina miaka sitini tu na shida zangu zingejaza filamu tatu.

MWALIMU: Mama, hapo umenipita. Ukiifuata filamu ni hivyo kweli. Ngome ya Maz imesimama tangu enzi na enzi. Wanajeshi wa First Order wanakuja wanaibomoa kwa mabomu mchana kweupe. Ungetegemea tukae na mwenye nyumba kidogo, tuone anavyoyatazama mawe yake. Hapana. Kamera inaondoka na mashujaa. Kilio cha Maz hatukipati.

MWANAFUNZI: Na katika The Last Jedi ya 2017 anatokea kwa muda mfupi kwa njia ya simu ya angani, katikati ya mapigano anayosema tu ni mgogoro wa chama cha wafanyakazi. Katika The Rise of Skywalker ya 2019 yupo kambini, safari hii kama kinyago chenye mitambo pamoja na sauti ya Lupita, na bado ni mtu wa kando. Hata asili yake inatufundisha kitu. Mwongozaji J. J. Abrams alimchukulia Maz kutoka kwa mwalimu wake wa sekondari, Rose Gilbert, aliyefundisha Los Angeles mpaka alipopita miaka 90.

MWALIMU: Basi ndio maana yupo kuwashauri wengine tu! Mwanafunzi daima anadhani mwalimu anaishi darasani, kengele ikilia anakunjwa anawekwa kabatini.

MWENDESHAJI: Tumpime Mama kwa mfano wa upande mwingine. Kuna mwigizaji aliyefunikwa uso akabaki na shida zake?

MWANAFUNZI: Zoe Saldaña. Katika Avatar ya 2009 ni Neytiri, mwanamke wa samawati wa Pandora, mwezi wa sayari ya mbali, uso wote wa kompyuta. Katika Guardians of the Galaxy ya 2014 ni Gamora, kapakwa rangi ya kijani kwa saa nyingi kabla kamera haijawashwa. Lakini Neytiri anapigania msitu wake, anampoteza baba yake, anapenda mtu asiyepaswa kumpenda. Gamora anamchukia aliyemlea kwa sababu ndiye aliyewaua watu wake. Filamu tatu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani, Avatar, Avengers: Endgame na Avatar: The Way of Water, zote Saldaña yumo, na zote si kwa rangi yake ya kuzaliwa.

MAMA DUNGA: Huyo mwanamke wa samawati namkubali. Amefiwa na baba. Hiyo ni shida.

MWALIMU: Lakini msinisahau na malalamiko yangu, kwa sababu hapa yana miguu. Avatar iliteuliwa kuwania Oscar tisa. Kwa uigizaji, hata moja. Na mpaka leo hakuna aliyeteuliwa kuwania Oscar ya uigizaji kwa kazi ya kunaswa na kompyuta. Saldaña alipata yake Machi 2025, kwa Emilia Pérez, ambako anaonekana uso wake na anaimba na kuongea Kihispania cha kwao. Kazi ya kinyago inajaza kumbi, ila tuzo inakwenda kwa uso. Kwa hivyo mnaponiambia kinyago hakina hasara, ongezeni: hakina hasara kwa mtazamaji. Kwa mwigizaji kinayo.

MWENYE BANDA: Hapo Mwalimu amefunga bao. Mtu akibeba magunia gizani, kazi ni ile ile, ila mwenye mali hahesabu magunia.

MAMA DUNGA: Nami nakubali. Alipwe na atajwe. Sasa mniruhusu niwaambie kiumbe wa sayari nyingine ni nini kwetu, maana mnazungumza kama kwamba wamekuja na sinema.

MWENDESHAJI: Endelea, Mama.

MAMA DUNGA: Kule Gwassi, Nyandiwa, palikuwa na mvuvi maskini, Nyamgondho wuod Ombare. Usiku mmoja alivuta wavu mzito, akadhani ni samaki. Kutazama, ni kikongwe, mbaya wa sura, hajulikani ametoka wapi. Alitaka kumrudisha majini. Kikongwe akamwambia amchukue nyumbani. Akamchukua. Toka siku ile ng'ombe wakajaa boma, mbuzi, kuku, mpaka Nyamgondho akawa tajiri wa kutajwa, akaoa wake wengine. Usiku mmoja amelewa, anapiga kelele langoni afunguliwe, kikongwe akachelewa. Nyamgondho akamtukana, akamwambia mbele ya watu kwamba yeye ni kitu alichokivua ziwani. Kikongwe hakujibu. Alfajiri akatoka akielekea ziwani, na ng'ombe wote nyuma yake, mbuzi nyuma ya ng'ombe, kuku nyuma ya mbuzi, wakaingia majini mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Nyamgondho akasimama ufukoni ameegemea fimbo yake, anatazama, mpaka akawa mti.

MWENYE BANDA: Hiyo mimi ningeiuza hata bila DJ.

MAMA DUNGA: Na Simbi, karibu na Kendu Bay, lile ziwa dogo wanakokuja flamingo. Palikuwa kijiji. Kulikuwa na sherehe, pombe na ngoma. Akaja bibi mzee mgeni, mvua na baridi, akaomba pa kujisetiri. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akamhurumia, na bibi akamwambia huyo peke yake aondoke na jamaa zake. Usiku ikanyesha mvua, kijiji kikazama. Simbi Nyaima, ndilo jina mpaka leo. Sasa wapimeni hao wawili na yule mwenye baa ya nyota. Wote ni vikongwe, wote hawajulikani kwao, wote sura si ya kupendeza. Lakini wetu ana heshima yake, na ukiigusa anaondoka na mali. Hakuja kumshauri Nyamgondho. Alikuja kwa sababu zake, akakaa kwa masharti yake.

MWALIMU: Asenath Bole Odaga, aliyechapisha vitabu hapa hapa Kisumu kupitia Lake Publishers, aliiandika hadithi ya Nyamgondho, na shule nyingi za huku zimeiigiza. Nikiri jambo la kikazi: kila mara nafasi inayopiganiwa ni ya Nyamgondho. Kikongwe anapewa msichana asiye na la kufanya, anavalishwa gunia, anakohoa kidogo, anapita. Nasi tunafanya kile kile cha Hollywood, bila hata kompyuta.

MAMA DUNGA: Umesema mwenyewe, Mwalimu.

MWANAFUNZI: Mama, kipimo chako nimekishika: huyu kiumbe anataka nini? Basi nakileta kwa Lupita mwenyewe, kwa mwaka mmoja, 2024. Mwaka huo alitoka katika filamu mbili za bunilizi ya kisayansi. Ya kwanza ni A Quiet Place: Day One. Viumbe wa angani wanavamia New York, wanawinda kwa sauti. Lupita ni binadamu, Samira, mgonjwa wa saratani aliyekwishakata tamaa, ana paka wake, na jiji likiwaka moto anachotaka ni kipande cha pitsa cha Harlem kabla hajafa. Uso wake unajaza skrini, na maneno ni machache kwa sababu ukiongea unaliwa. Ya pili ni The Wild Robot. Ni katuni. Lupita ni Roz, roboti aliyesukumwa na mawimbi mpaka kisiwa cha wanyama. Uso haupo, mwili haupo, ni sauti tu, chini hata ya Maz. Lakini Roz anamlea kifaranga wa bata bukini aliyepoteza jamaa zake, anamfundisha kuogelea na kuruka, anakaidi kazi aliyotengenezewa. Mmoja ana uso, mwingine hana, na wote wawili ni watu kamili.

MWALIMU: Roz niliwaonyesha kidato cha pili. Walilia. Hakuna aliyeniuliza Lupita alikuwa wapi.

MWENYE BANDA: Na ile Us ya 2019? Pale alikuwa wawili: mama mwenye familia, na yule wa chini ya ardhi mwenye mkasi na sauti ya kukwaruza. Huyo wa chini si wa sayari nyingine, lakini watu wangu walimwogopa kuliko kiumbe yeyote mwenye meno.

MAMA DUNGA: Anataka nini huyo wa chini?

MWENYE BANDA: Anataka maisha aliyoibiwa.

MAMA DUNGA: Basi huyo ndiye dada ya kikongwe wa Nyamgondho.

MWENDESHAJI: Tumalizie hapa nyumbani. Kuna kazi ya kutengeneza, au tumebaki kuhukumu ya wenzetu?

MWANAFUNZI: Njia ilishafunguliwa. Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya dakika kama 20, Afrika Mashariki ya baadaye baada ya vita vya maji, mwanamke anatoroka mji uliofungwa ili akapande mbegu moja. Ilifika Sundance mwaka 2010. Haikuwa na jeshi la roketi. Ilikuwa na mwanamke anayetaka kitu. Tamasha la kitaifa la shule siku hizi lina mashindano ya filamu pamoja na drama. Kamera ya simu ipo, ziwa lipo, hadithi ipo.

MWENYE BANDA: Mkitengeneza, leteni Kondele. Nitaonyesha jioni ya Jumamosi. Ila isiwe ndefu kuliko uvumilivu wa watu, na sauti isikike.

MWALIMU: Nami nina sharti moja. Msichana atakayekuwa kikongwe aonekane uso walau mara moja. Si kwa sababu kinyago ni dhambi, bali kwa sababu wa darasani kwangu bado wananunua krimu.

MAMA DUNGA: Hilo ni haki. Mkitaka ng'ombe wa kuingia ziwani, msinitazame mimi.

HUKUMU YA MWENDESHAJI

Kesi ya Mwalimu ilikuwa na sehemu mbili, na kila sehemu ina hukumu yake.

Kwamba Lupita alifichwa: nusu kweli. Kazi ya kinyago inamgharimu mwigizaji kwa namna inayohesabika, na ushahidi ni Avatar yenye uteuzi tisa bila hata mmoja wa uigizaji. Wanaotoa tuzo hawajajifunza kuona uigizaji usipokuwa na ngozi juu yake. Hilo ni deni lao, na Saldaña alilazimika kuvuka kwenda filamu ya namna nyingine ili alipwe sehemu. Kwa wasichana wa Seme wanaotafuta weusi wao kwenye skrini, Maz hakuwasaidia, na hakuna ufundi wa kompyuta unaoweza kulipa hilo. Lupita alichagua kupumzisha mwili wake, na ana haki. Lakini Mwalimu ana haki pia ya kuuliza kwa nini milango ilikuwa miwili.

Kwamba kinyago ndicho kilichomdhoofisha Maz: si kweli, na hapa Mama Dunga amewashinda wote. Lupita bila uso kabisa, akiwa Roz, ni mama anayeasi ili amlee mwanawe. Lupita mwenye uso wa kompyuta, akiwa Maz, ni mwenye nyumba ambaye nyumba yake inabomolewa na hadithi haimuulizi. Mwigizaji ni yule yule, na kilichowatenganisha Maz na Roz ni mwandishi. Kiumbe wa sayari ya mbali aliyeletwa ili kumnong'oneza shujaa njia atakuwa mdogo hata ukimpa uso mzuri kuliko wote duniani. Wakati Guinan na Maz wote wanapoangukia baa, baada ya zaidi ya miaka 25 kati yao, hiyo si bahati tena, ni mazoea ya waandishi.

Watu wa mwambao huu wamekuwa na mhusika bora kuliko huyo kwa vizazi, na wamemvika gunia. Kwa hivyo nawaambia walimu wa drama wa Seme, Bondo, Mbita na Kendu Bay, na vijana wenye simu na wazo: mkifanya Nyamgondho mwaka huu, mpeni kikongwe msichana hodari kuliko wote, na kabla ya mazoezi ya kwanza andikeni kwenye karatasi kikongwe alitoka ziwani akitafuta nini. Mkishajibu hilo, mvalisheni kinyago au msimvalishe. Watu watamwona.